Si Kila Tundu ni Ufa

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na usia huo umetufaa vizazi kwa vizazi. Hata hivyo, miaka niliyoishi na Land Rover Series III ya mwaka 1978 imenifundisha kwamba usia huo una sharti lake. Kabla ya kuziba, ni lazima mtu ajue kama anachokiziba ni ufa kweli. Yapo matundu ambayo aliyeunda chombo aliyaacha kwa makusudi, ili kasoro iliyo ndani ipate mahali pa kujionyesha. Mwenye kuyaziba hayo hajatengeneza kitu. Amelinyima gari kauli.

Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mlowo na Vwawa, makao makuu ya mkoa, kisha huishia Tunduma, mkabala na Nakonde ya Zambia. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, lakini foleni ya malori bado ni sehemu ya mandhari yetu. Lori likisimama kwa muda mrefu huacha doa chini yake. Vijana wa gereji za kando ya barabara huyasoma madoa hayo kama mhasibu asomavyo leja: hili ni la injini, hili la giaboksi, hili la rejeta.

Gari langu lilikuwa mali ya umma kabla ya kuuzwa mnadani na kupita mikono kadhaa. Ni la ukoo wa magari yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ambayo wengi wetu tuliyafahamu utotoni kama magari ya mabwana shamba, waganga na wakaguzi wa shule. Aliyeniuzia alilisifu kwa jambo moja kuliko mengine yote: halidondoshi hata tone. Kwenye gereji kuna utani wa siku nyingi kwamba Land Rover ya zamani isiyovuja oili ni ile iliyokwisha oili. Fundi wangu, mzee anayefanya kazi zake Tunduma, aliposikia sifa hiyo hakutania. Aliniambia tu kwamba gari la umri ule likiwa kavu kiasi kile, basi kuna mtu amelikausha.

Jibu lilipatikana kwenye mlima Senjele. Nilikuwa natoka Mbeya, gari limebeba vitabu na watu watatu, klachi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, gari haliendi, na nyuma yangu lori lililosheheni linapanda kwa pumzi ya mwisho. Aliyewahi kupita pale anajua kwamba huo si mlima wa kusimama ovyo. Tulifika juu kwa mwendo wa konokono, abiria wangu wakiwa wamenyamaza kimya.

Fundi alipolala chini ya gari, hakugusa klachi kwanza. Aliangalia tundu moja dogo lililo chini kabisa ya nyumba ya klachi. Waliounda Land Rover waliliacha tundu hilo wazi, pamoja na kizibo chake cha chuma chenye nyuzi. Dereva hukifunga kizibo anapokwenda kuvuka mto ili maji yasiingie ndani, na akishavuka hukifungua. Siku nyingine zote tundu hukaa wazi, ili oili ikipenya kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti idondoke chini badala ya kulowanisha klachi. Katika gari langu kizibo kilikuwa kimekazwa moja kwa moja. Sili ilikuwa imechoka siku nyingi. Oili ilipokosa njia ya kutokea, ikajikusanya ndani hadi ikaifikia klachi. Usafi wa sakafu niliyoegeshea gari ulikuwa umelipiwa na klachi.

Akasogea mbele kwenye pampu ya maji. Chini ya shingo ya pampu hiyo pia kuna kitundu. Ndani ya pampu kuna sili inayotenganisha maji na beringi; sili ikilegea, maji hutokea kwenye kitundu, na hivyo mwenye gari hupata taarifa kabla beringi haijaharibika. Kitundu chetu kilikuwa kimepakwa gundi ya silikoni, kwa unadhifu kabisa. Fundi alipoishika feni na kuitikisa, ilicheza kama jino bovu. Hatimaye akafungua kipumulio kilicho juu ya injini, akakikuta kimejaa tope jeusi. Injini nayo hupumua: gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni zinahitaji pa kutokea. Zikikosa, huisukuma oili nje kupitia kila gasketi iliyo dhaifu.

Matundu matatu, yote yamezibwa. Mtu mmoja au zaidi ya mmoja alikuwa ameajiriwa kuondoa madoa, akayaondoa.

Kazi ya kutafuta mivujo yenyewe haikuanza kwa kununua vipuri. Ilianza kwa kuosha. Injini chafu, alisema fundi, huvuja kila mahali na haivuji popote, kwa kuwa huwezi kutofautisha uchafu wa mwaka jana na wa leo asubuhi. Ilipokauka akaipaka poda ya watoto kwenye viungo, akaiwasha hadi ikapata moto, akatandika boksi lililokunjuliwa chini yake, na tukangoja. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali. Kulanti ina rangi yake na harufu tamutamu, na ikikauka huacha ukoko. Lakini asiionje mtu, kwa maana ni sumu. Rejeta nayo haifunguliwi ikiwa ya moto, hata mwenye gari awe na haraka namna gani.

Kanuni iliyonikaa zaidi ni hii: anza juu. Oili hushuka kwa uzito wake, na upepo wa feni huisukuma nyuma, hivyo mahali tone linapodondokea mara nyingi si mahali lilikotoka. Sampu ilikuwa imelowa upande mzima, na mwenye haraka angeifungua na kubadilisha gasketi yake. Tulipofuata mfereji kwenye poda kwenda juu, tulikuta sampu haina hatia. Oili ilitoka kwenye tapeti kava, ambako gasketi ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Tulichungulia pia oili kwenye stiki. Kama ingefanana na chai ya maziwa, ingekuwa dalili kwamba maji na oili vimekutana, na shaka ya kwanza ingeangukia gasketi ya silinda hedi. Hapo tulisalimika.

Kukaza kizibo ni kazi ya dakika moja. Kubadilisha sili iliyo nyuma yake kulitaka giaboksi ishushwe, na kulituchukua siku tatu. Hiyo tofauti ya muda na gharama inaeleza kwa nini vizibo ni vingi kuliko sili mpya. Tuliweka sili, klachi, pampu, gasketi na mipira mipya ya rejeta. Tuliachana na maji ya kisima, yenye chumvi zinazoganda na kula chuma, tukaweka kulanti. Tulinunua pia kifuniko cha rejeta chenye springi nzima. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na mkandamizo unaoshikiliwa na kifuniko hicho ndio unaoyachelewesha. Matundu yote matatu tuliyaacha wazi. Leo gari langu huacha tone moja moja. Nayajua yanatoka wapi, na nayaandika kwenye daftari.

Msomaji wangu aliye ofisi ya umma bila shaka ameshaona ninakoelekea. Lugha yetu hutumia kitenzi hicho hicho: waraka nao huvuja. Na ukivuja, kikao cha kwanza huitishwa kumtafuta aliyeuvujisha. Kikao cha kujadili kilichoandikwa ndani yake mara nyingi hakiitishwi kabisa.

Siyo kwamba kila kinachotoka kitoke. Mtihani ukivuja, huo ni ufa, na majalada ya wagonjwa si ya kusambazwa. Lakini nchi yetu nayo imeundwa ikiwa na matundu yake ya makusudi. Ibara ya 143 ya Katiba inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake hupitia kwa Rais na kufika Bungeni. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa. Haya si mapungufu ya dola. Ni vitundu chini ya pampu. Karani anayesema kwamba dawa zilizoandikwa kwenye leja hazimo stoo hajaitoboa zahanati. Ametuambia sili imelegea kabla mgonjwa hajafika na kukosa dawa.

Tukishaliona tone, tukumbuke pia kuanza juu. Tumezoea kumsimamisha kazi mtendaji wa kijiji au mtunza stoo kwa kuwa doa limeonekana kwake. Pengine ni mwizi kweli. Pengine pia ni sampu tu, amelowa kwa yaliyoshuka kutoka ngazi ambazo hakuna aliyezipaka poda.

Kile kizibo cha chuma sikukitupa. Kina siku yake, nayo ni siku ya kuvuka mto. Hata dola ina mito yake: vita, maafa, mambo ambayo kwa muda hayasemwi hadharani. Ila mtu akishafika ng'ambo, kwenye nchi kavu, anapaswa kushuka na kukifungua. Tatizo letu ni wale waliovuka zamani, wakaona sakafu inavyopendeza bila madoa, wakaamua kuendelea na safari hivyo hivyo.