Fleshi ya Kijana

Programu yangu ya kwanza ya muziki niliinunua Kariakoo mwaka 2006, kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu nene: FRUITY NA MADUDE YOTE. Waliokuwa wakiitengeneza kule Ubelgiji walishaibadilisha jina kuwa FL Studio tangu 2003, lakini Mbagala habari hizo hazikutuhusu. Madude yenyewe yalikuwa plagini, yaani vijiprogramu vya kuchomeka ndani ya programu kubwa, zaidi ya 200, zote zimechakachuliwa.

Nilijiona tajiri. Kompresa peke yake nilikuwa nazo 19. Nikishamrekodi mtu nafungua ya kwanza, hainogi. Nafungua ya pili, ya tatu, mpaka saa sita usiku inanikuta nimekodolea skrini na msanii keshalala kwenye kochi. Sauti zangu zote zilitoka kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye ndoo. Nami niliamini kabisa kwamba dawa ya ndoo ipo kwenye CD nyingine, basi narudi Kariakoo.

Mwaka 2011 moja ya CD hizo ikaja na kirusi. Kufumba na kufumbua mafaili yote hayafunguki, zikiwemo nyimbo sita za kwaya ya mtaani ambayo ilishanilipa nusu. Mwalimu wao, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mwanangu, tutaimba upya." Afadhali angenitukana.

Nikafuta kila kitu. Hela ya kununua sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, kadi ya kulipia mtandaoni ningeitoa wapi? Siku hizi unajitengenezea kadi kwenye simu ukiwa umekaa barazani. Wakati ule ilikuwa umwombe mtu mwenye ndugu Ulaya. Nikachukua REAPER, ambayo unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake kwa sisi wadogo ni dola 60. Imekuja na ikwalaiza na kompresa zake, zenye sura mbaya kama fomu ya kodi, ila zinafanya kazi.

Vingine nilipakua vya bure, na hapo bando likawa mwalimu. Ukiona MB zinavyoyeyuka, hupakui dude kwa sababu lina vishikizo vya dhahabu. Niliweka daftari: kabla ya kupakua naandika ni ugonjwa gani nautibu. Kurasa tatu za kwanza zimejaa neno moja, ndoo.

Ndoo niliikamata miaka kadhaa baadaye kwa TDR Nova, ikwalaiza ya bure. Nilipandisha nundu moja juu kabisa, nikaitembeza taratibu kwenye sauti ya dada mmoja wa kwaya ileile. Ilipofika karibu na hezi 350, ndoo ikalia waziwazi. Nikaishusha desibeli nne. Ikapungua, haikuisha. Ndipo nikageuka nikakitazama chumba: kuta tupu za saruji, dari la bati. Nilisimamisha godoro nyuma ya mwimbaji, nikatundika mablanketi mawili ubavuni, tukarudia. Sijui nilikuwa natazama wapi miaka yote ile.

Leo nina plagini 11. Synth1 ya Ichiro Toda wa Japani ni ya bure. Vital nayo, tangu 2020, ina toleo la bure linalonitosha kwa ala zote za kielektroniki. Mwangwi natumia Valhalla Supermassive, ingawa kwa taarabu huwa naufungia nje. Nilichokuja kulipia ni FL Studio, mapenzi ya utotoni, na matoleo mapya unapewa bure maisha. Mapunguzo ya Novemba siyakimbilii: kitu kinachoshuka kila mwaka kutoka dola 249 hadi 29, bei yake ni 29.

Mwezi uliopita kijana wa jirani alikuja na fleshi. "Shikamoo braza. Humu kuna plagini 400, nikuwekee?"

Nikamwambia tusikilize kwanza wimbo wake. Mistari mikali, biti imetulia, na sauti iko ndani ya ndoo.

"Unarekodia wapi?"

"Geto kwangu."

"Godoro unalo?"

"Lipo, braza. La kulalia."

"Twende ukalisimamishe."