Wimbo wa Zamani na Mkasi Mpya

Leo tuzungumze rimiksi: wimbo wa zamani kuchukuliwa na vijana ukatiwa midundo mipya na kinanda cha umeme. Wapo wanaosema ni kuharibu. Mimi fundi cherehani nasema inategemea nani kashika mkasi.

Huku Mwakitolyo kwenye dhahabu, muziki unaingia dukani kwangu kutwa. Vijana wanaotoka maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, wanapenda singeli. Tega sikio vizuri, mara nyingi chini ya ile kasi utasikia taarabu. Madijei wa Dar es Salaam walikata vipande vya taarabu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza. Ukikisikia kipande cha nyumbani katikati ya vumbi la Shinyanga, moyo unashtuka.

Na jambo hili si geni kwetu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Nyimbo zake akaja kuziimba Bi Kidude, kwa sauti yake nzito. Kisha Bi Kidude mwenyewe, keshakuwa bibi kizee, akaimba na vijana wa Offside Trick katika "Ahmada". Ujana uliingia, na mwenyewe alikuwepo.

Kuna binti aliniletea gauni la harusi la marehemu mama yake nimrekebishie. Shangazi zake hawakutaka liguswe kabisa. Nilibadilisha mikono, nikatia bitana, nikapunguza kiuno. Tarizi ya kifuani sikuigusa, maana ilikuwa kazi ya mikono ya mama. Siku ya harusi shangazi mkubwa aliipapasa ile tarizi, akalia. Lingebaki sandukuni, lingeliwa na nondo. Lingekatwa ovyo, mama asingeonekana tena.

Na wimbo ni hivyo hivyo: lazima kibaki kitu cha kumtambulisha mwenyewe. Pia kuna haki. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata bila sheria, kitambaa cha mtu hakikatwi bila ruhusa yake. Ni amana.

Basi bibi harusi, unapompangia dijei nyimbo za ukumbini, muulize: huu wa nani? Kama shangazi na bibi zako wapo, wapigie kwanza ule wa asili, wauitikie, ndipo vijana wapigiwe wao. Wote watakuwa wamecheza wimbo mmoja.

Allah azitie baraka ndoa zenu. Amin.