Ukungu Ndani ya Saa

Kitu kidogo hakistahili dharau. Katika saa nyingi za mkono mna kipete cha mpira, chembamba kama uzi, ambacho hulala baina ya mwili wa saa na kifuniko cha nyuma. Kazi yake ni kuzuia maji, vumbi na unyevu. Saa ifunguliwapo, hapana budi kipete hicho kitazamwe. Kikiwa kigumu au kimebonyea, hubadilishwa.

Saa niliyoachiwa na marehemu baba yangu ilianza kupoteza dakika, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Mombasa. Ilirudi ikienda sawasawa. Juma moja baadaye nilisafiri kwenda Limuru, na asubuhi ya kwanza nikaona ukungu chini ya kioo. Jua lilipopanda, ukungu ukatoweka. Niliporejea nilimweleza fundi. Alinijibu kwa upole, “Kama umekauka wenyewe, mwanangu, basi yamekwisha.”

Fundi huyo alinizidi umri kwa miaka mingi, na ni vigumu kumhoji mzee juu ya kazi yake. Hata hivyo, msomaji, lipime neno lake kwa elimu. Hewa ya joto huchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa, katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, yaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Katika nyuzi 10 haifikishi hata gramu 10. Basi hewa nyevu ya pwani iliyomo ndani ya saa, ikipatwa na baridi ya bara, hutua mzigo wake juu ya kioo. Saa ikipata joto, maji hayo hugeuka mvuke tena. Hayaonekani, lakini yamo. Yangoja baridi nyingine, na huku yanakula chuma.

Kwa hiyo nilimwomba mzee, kwa heshima zote, aifungue saa mbele yangu. Kipete cha zamani ndicho kilichokuwa kimerudishwa, nacho kilikuwa na ufa. Juu ya parafujo moja palikuwa na doa la kutu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaisafisha saa, akaikausha, akatia kipete kipya. Alipokwisha aliipasha joto la kiasi, akadondosha tone la maji baridi juu ya kioo, akalifuta baada ya dakika moja. Kioo kilibaki safi. Jaribio la namna hiyo limo pia katika kanuni ya kimataifa ya saa zisizoingiza maji, ISO 22810, iliyotolewa mwaka 2010. Hakunitoza hata senti moja, wala urafiki wetu haukupungua.

Ukiona ukungu katika saa yako, usingoje ukauke. Ipeleke upesi, uulize maswali mawili: je, kipete kimebadilishwa? Je, saa imejaribiwa baada ya kufungwa? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Swali lililoulizwa kwa adabu halimvunjii fundi heshima. Humpa nafasi ya kuikamilisha kazi yake. Na wewe utakapokuwa fundi wa kazi yoyote, kumbuka kwamba sehemu isiyoonekana na mwenye mali ndiyo iliyowekwa katika amana yako.