Jua la Mezani: Siku Zetu za Giza Mjini Tromsø

Tulitua Tromsø, kaskazini ya mbali ya Norwe, katikati ya Desemba. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, nazo taa za barabarani zilikuwa zingali zinawaka. Mbingu ilikuwa ya buluu nzito, mithili ya Alfajiri isiyotaka kupambazuka. Kufikia saa tisa, hata buluu hiyo ilikuwa imetoweka. Katika mji huu jua huzama mwishoni mwa Novemba, lisionekane tena hadi katikati ya Januari.

Hatukwenda kutalii. Sisi ndugu wawili tulikwenda kumjulia hali dada yetu, aliyeolewa huko akitokea Unguja, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa amebadilika: akilala mno na kuamka amechoka, hapokei simu, na Sala ya Alfajiri ikimpita huku akilia. Nyumbani wapo waliosema ni husuda, wapo waliosema imani imelegea. Sisi wenyewe, Allah atusamehe, tulimtumia mawaidha pale alipohitaji tabibu.

Asubuhi ya kwanza tulimkuta jikoni akinywa chai ya tangawizi na kumsomesha mwanawe alifu na bee. Mezani, pembeni kidogo ya uso wake, ilisimama taa bapa yenye mwanga mweupe mkali.

"Hili ndilo jua langu," alisema. "Nusu saa kila nikiamka."

Daktari alimweleza kuwa ana sonona ya majira ya baridi. Maradhi haya yalielezwa kitaalamu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani. Rosenthal ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na hali hiyo aliionja mwenyewe alipohamia New York. Taa za tiba hutoa mwanga wa laksi 10,000, ilhali taa za kawaida za nyumbani hutoa mia chache tu. Mwanga huo hupita machoni na kuuarifu ubongo kwamba siku imeanza, ili saa ya mwili irudi katika mwendo wake. Mgonjwa hufumbua macho, lakini haikodolei taa. Mwenye maradhi ya macho, au mwenye historia ya kuchangamka kupita kiasi kisha kuzama katika huzuni, asiitumie kabla ya kumwona daktari.

Siku ya Ijumaa tulikwenda msikitini. Hapakuwa na kivuli cha kupimia Adhuhuri. Waumini walifuata ratiba ya ukutani. Dada alikuja nasi. Njiani alituambia, "Dua sikuiacha hata siku moja. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba naumwa." Hatukuwa na la kumjibu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa. Basi ndugu aliye ughaibuni akinyamaza wakati wa baridi, tumuulize kwanza: "Umeonana na daktari?" Mawaidha yatafuata.

Mwishoni mwa Januari, tukiwa tumesharudi, dada alitutumia picha. Wenyeji wa Tromsø hulipokea jua kwa kula maandazi yenye jamu. Mwanawe alikuwa na jamu hadi puani, na nyuma yake, ukutani, palikuwa na mstari mwembamba wa dhahabu. Alhamdulillah.