Salamu ya Dakika Tatu

Leo twendeni Uingereza, hata mji wa Worcester, kando ya mto Severn. Hatuendi kutazama majumba ya wafalme. Twaenda kwao mtu aliyetunga wimbo mdogo wa fidla na piano, unaopigwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Fidla ni ndugu wa zeze letu. Ina nyuzi nne, huwekwa begani chini ya kidevu, nayo hupigwa kwa upinde wenye singa za farasi.

Toka mjini, ushike njia ya magharibi mwendo wa kilomita tano hivi, utafika kijiji cha Broadheath. Hapo pana nyumba ndogo ya matofali, na wageni huja kuitazama. Ndimo alimozaliwa Edward Elgar, tarehe 2 Juni 1857. Baba yake alikuwa na duka la vyombo vya muziki mjini, tena alipiga kinanda katika kanisa Katoliki la Mt. George. Mama yake aliwalea watoto katika imani ya Kikatoliki, ingawa siku zile Wakatoliki wa nchi ile walikuwa wachache, na wengi hawakuwapenda. Ukirudi Worcester, ingia kanisani humo. Mwaka 1885 Edward alishika kazi ya baba yake ya kupiga kinanda.

Lakini fedha hazikutosha, basi alifundisha watu muziki. Mwaka 1886 akaja mwanafunzi mmoja, Bibi Alice Roberts, binti wa jenerali. Alitaka kujifunza kumsindikiza mpiga fidla kwa piano.

Neno hilo, kusindikiza, lifikirini vema. Ukimsindikiza mgeni, humtangulii ukamwacha nyuma, wala hujikokoti hata akungoje. Mnakwenda hatua kwa hatua. Ndivyo ilivyo piano na fidla. Fidla ikikawia kidogo juu ya sauti tamu, piano nayo hukawia. Ikiharakisha, nayo huharakisha. Tena piano ina nguvu ya kuifunika fidla kabisa, kwa hiyo mpigaji hana budi kuizuia mikono yake.

Basi, mwalimu na mwanafunzi wakapendana. Jamaa za Alice hawakupendezwa hata kidogo: Edward ni mtoto wa mwenye duka, ni Mkatoliki, hana mali, na Alice amemzidi umri kwa miaka minane na zaidi. Alice hakurudi nyuma. Mwaka 1888, walipochumbiana, Alice alimpa Edward shairi alilolitunga mwenyewe. Edward naye akampa wimbo mfupi, ambao sasa huitwa Salut d'Amour, yaani Salamu ya Upendo. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Wimbo huo huchukua dakika tatu tu. Piano huanza polepole, kama mtu atembeaye kwa upole, ndipo fidla huingia na kuimba. Usidhani ufupi wake ni wepesi. Katika wimbo mrefu kosa moja husahauliwa. Katika dakika tatu kila kosa husikika. Mpiga fidla akiusukuma upinde kwa nguvu, upole wote hupotea.

Edward aliuuza wimbo huo, pamoja na haki zake zote, kwa wachapaji Schott wa Ujerumani, kwa fedha kidogo. Ukapendwa sana, nakala nyingi zikauzwa, na faida ikawa yao. Alikuwa kama mkulima aliyeuza shamba la kahawa kabla halijazaa.

Walifunga ndoa London, katika kanisa la Brompton Oratory, tarehe 8 Mei 1889. Baadaye Edward akawa mtunzi mkuu wa Uingereza, na Alice alikuwa mkono wake wa kuume. Alice alipokufa mwaka 1920, Edward hakutunga tena mengi.

Malizia safari yako Little Malvern, kusini ya Worcester, ubavuni mwa vilima. Kando ya kanisa Katoliki la Mt. Wulstan utaliona kaburi moja la watu wawili: Alice, na Edward aliyemfuata mwaka 1934.

Siku moja ukiusikia wimbo ule redioni, sikiliza kama piano inaisindikiza fidla vema. Kisha tazama nyumbani mwako: je, yupo anayetangulia peke yake, na mwenzake ameachwa nyuma?