Spidi Yako ni Ghorofa Ngapi?

"Fizikia itanisaidia wapi maishani?" Hili swali naskia kila wiki. Na mara nyingi anayeuliza amekalia kiti cha mat inayokimbia kilomita 100 kwa saa, mkanda umening'inia hapo kando kama pambo. Buda, itakusaidia hapo hapo ulipokaa.

Kabla mtu aniulize nimesomea wapi: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Sina digrii ya kuwaonyesha. Lakini hesabu naleta hapa ni ya sekondari, na kikokotoo cha simu yako kinatosha kunikagua.

Tuanze na kitu mnajua tayari. Isaac Newton alitoa sheria zake tatu za mwendo kwa kitabu cha 1687. Ya kwanza inasema kitu kilichotulia kitabaki kimetulia, na kinachosonga kitaendelea kusonga kwa kasi ileile na upande uleule, mpaka kani ya kutoka nje ikiingilie. Hiyo tabia ya kukataa kubadilishiwa mwendo shuleni inaitwa inasha. Mwalimu anasema, mnaandika, mnakariri, mtihani unakuja, mnamwaga, mnasahau.

Lakini mtu yeyote ashawahi simama kwa mat ya Rongai anaijua hii sheria kwa mgongo. Dere akikanyaga mafuta, unarudi nyuma. Akifunga breki, unaenda mbele. Akikata kona ya kushoto, unamlalia msee wa kulia na unaanza kuomba msamaha. Hakuna mtu amekusukuma. Gari ndio imebadilisha mwendo, mwili wako bado uko kwa ile safari yake ya zamani. Makanga anayening'inia mlangoni kwa vidole viwili ameelewa inasha kuliko nusu ya darasa letu.

Kwa hivyo mwili unajua fizikia. Shida ni kwamba kuna hesabu moja mwili haujui kabisa, na hiyo ndio inatuumiza. Ni hesabu ya kasi.

Ukiwa ndani ya gari, 50 na 100 hazihisiki tofauti sana. Lami ikiwa nzuri na ngoma iko juu, 100 inahisi tamu kuliko 50 ya barabara ya mashimo. Ni kwa sababu mwili hauhisi kasi yenyewe, unahisi ile saa kasi inabadilika. Sasa sikia mtego uko wapi: nishati ya mwendo haiongezeki sawa na kasi, inaongezeka kwa kasi mara kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, nishati ni mara tisa.

Njia rahisi ya kuiona ni kugeuza spidi iwe ghorofa. Chukua kasi yako, ujiulize: ningeanguka kutoka wapi ndio nigonge chini na kasi kama hii? Tuseme ghorofa moja ni mita tatu, na tusahau upinzani wa hewa.

Kilomita 50 kwa saa ni kama mita 10. Ghorofa tatu.
Kilomita 60 ni mita 14. Karibu ghorofa tano.
Kilomita 80 ni mita 25. Ghorofa nane.
Kilomita 100 ni mita 39. Ghorofa kumi na tatu.

Umeona? Kutoka 50 hadi 100 hukuongeza ghorofa tatu zingine. Umetoka ghorofa ya tatu hadi ya kumi na tatu. Na hakuna mtu hapa anaweza kukaa kwa ukingo wa ghorofa ya kumi na tatu, miguu nje, akisonga video kwa simu. Lakini kwa gari tunafanya hivyo kila siku, ju mwili haujaona urefu wowote wa kuogopa.

Mkanda unaingia wapi? Gari ikigonga kitu na isimame, wewe hujasimama. Bado uko 50, unaelekea kiti cha mbele. Lazima kitu kikusimamishe, na swali ni umbali gani utatumia kusimama. Mkanda unakushikanisha na gari, unasimama pamoja nayo wakati sehemu ya mbele inabonyea. Tuseme ni nusu mita. Bila mkanda, chuma cha kiti kinakusimamisha kwa sentimita tano hivi. Nishati ni ileile, umbali umepungua mara kumi, kwa hivyo kani imepanda mara kumi. Helmeti pia inafanya kazi hiyo hiyo. Ile sponji ngumu ya ndani inapobonyea, inakipa kichwa sentimita chache za kusimamia ambazo lami haiwezi kukupa.

Na kwa wale wanaosema "nitamshikilia mtoto": mtoto wa kilo 10, gari ya kilomita 50 kwa saa inasimama ndani ya nusu mita. Kwa hiyo nukta ya sekunde, mikono yako inatakiwa kuzuia kitu kama kilo 200. Hiyo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Mapenzi ya mama ni makubwa, lakini misuli ni misuli.

Kuna jamaa tulikuwa naye kidato cha tatu, alikuwa anatulaza sisi wote kwa fizikia. Ungemwamsha saa nane usiku akupe sheria ya kwanza neno kwa neno. Mwaka juzi nduthi ilimrusha. Helmeti ya abiria ilikuwepo, imening'inizwa kwa usukani. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini maneno yanamjia polepole siku hizi, na mathe yake ndiye anammalizia sentensi. Simlaumu. Ile sheria tulifundishwa kama shairi la kukariri. Hakuna siku mtu alituambia inazungumza kuhusu vichwa vyetu.

Najua mtasema nini. Mikanda ya mat ni michafu, mingine imekatika. Helmeti ya boda inanuka vichwa vya watu hamsini. Ni kweli kabisa. Sheria za Michuki za 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na sote tunajua vinachezewaje. Mimi siwezi kuwashonea mikanda.

Lakini spidi tunaweza kuisemea. Kutoka 100 hadi 80 watu wanadhani umepunguza asilimia 20. Hapana, nishati imeshuka kwa asilimia 36, zaidi ya thuluthi. Ghorofa tano zimetoka. Na gharama yake? Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukienda 100 bila kusimama ni saa moja na dakika 36. Ukienda 80 ni saa mbili. Dakika 24, manze. Hizo dakika unazipoteza kila siku ukitafuta filamu ya kuangalia.

Sasa kama uko kwa mat saa hii, fungua ramani ya simu uone spidi, halafu utafute ghorofa yako hapo juu. Ukipata ni nane kwenda juu, vuta mkanda, na umwambie dere apunguze. Akikuuliza kwani unaogopa nini, mwambie hujazoea kuruka kutoka ghorofani.