Mkandaji Naye Huumwa



Aliyeigundua siri yangu hakuwa daktari, bali mamamkwe. Alfajiri moja tulisali pamoja, nami katika kuinuka kutoka sijida nikajiegemeza kwa ngumi badala ya kiganja. Alingoja mpaka tukamaliza uradi, ndipo akauliza, "Mwanangu, mkono huo una nini?" Nikamjibu kuwa ni baridi. Tulikuwa mwezi wa Agosti.

Kazi yangu ni tiba ya viungo, katika hospitali moja ya huku Uingereza. Huwainua waliopooza kwa kiharusi, huwafundisha tena kutembea waliobadilishiwa nyonga, na hulegeza shingo na migongo iliyokakamaa. Watu hudhani kuwa ajuaye mgongo wa mwenziwe hawezi kushindwa kuuhifadhi wake. Nasi wenyewe hudhani hivyo, na hapo ndipo maradhi yanapopata mlango. Uchunguzi mmoja wa wataalamu wenzetu wa Australia, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kuwa 91 katika kila 100 walikwisha kupatwa na maumivu yatokanayo na kazi, na kiasi cha mmoja kati ya sita alibadili idara au aliiacha kazi kwa sababu hiyo. Kiuno ndicho kinachotangulia kuumia. Shingo, mabega na mikono hufuata.

Kwangu lilikuwa gumba la kulia. Kiungo kilicho shinani mwa gumba kimeumbwa mithili ya matandiko mawili ya farasi yaliyokaliana, kigeuke huku na huku. Hakikuumbwa kubeba mzigo. Nguvu inayotiwa kwenye ncha ya kidole huongezeka mara kadhaa ifikapo shinani. Nami nilikuwa nikibonyeza pingili za migongo ya watu kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Ikafika hadi siwezi kufungua chupa ya achari, wala kuzungusha ufunguo mlangoni.

Nilificha mwaka mmoja na nusu. Mgonjwa angesema nini akijua kuwa mganga wake naye anaumwa? Mwenzangu mmoja aliyeumia kiuno kwa kumdaka mgonjwa aliyekuwa akianguka alichukua likizo yake ya mwaka akalala nyumbani, asiandikishe jambo lolote. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa tulikuwa nayo, lakini ilikaa mwisho wa ukumbi na betri yake aghalabu imekufa. Mwenye kuingojea alionekana mvivu. Ilhali kanuni za huku za unyanyuaji kwa mikono, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1993, zinamtaka mwajiri aepushe unyanyuaji wa hatari kadiri iwezekanavyo, na usioepukika aupime na kuupunguzia hatari. Mgonjwa naye huhesabiwa mzigo katika kanuni hizo, ingawa neno lenyewe halipendezi.

Na sisi wenyewe, je? Haikupita harusi, khitma wala Idi nisigeuziwe bega: "Nikande kidogo, mwanangu, si ndiyo kazi yako." Sijapata kuona fundi cherehani akiletewa kitambaa katikati ya khitma. Lakini kumkatalia mtu mzima kulinielemea kuliko maumivu, basi nilikanda.

Mamamkwe hakuniacha mpaka nikampelekea msimamizi wangu maelezo kwa maandishi. Nilipelekwa kwa daktari wa wafanyakazi, nikafungwa gango, na kwa wiki kadhaa nikapunguziwa wagonjwa. Sasa kitanda hukipandisha kwanza kilingane na kimo changu, hutumia kiwiko pale panapofaa, na zaidi huwafundisha watu mazoezi ya kujifanyia wenyewe. Wako wanaonung'unika kuwa hawakutibiwa, kwa kuwa hawakubonyezwa.

Gumba halijarudi kama zamani. Sijida naipata kwa viganja vyote viwili, alhamdulillahi. Kukamua nguo nimemwachia mume wangu. Na katika shughuli, mamamkwe hukaa ubavuni pangu. Akitokea mtu kunigeuzia bega, yeye hunitangulia kujibu: "Huyu leo hayuko kazini."